Ndege ya Vifaranga ya Mzee Eldon

Kazi ya Arlene Pospisil ilikuwa kupeleka ndege za watu. Mtu akinunua ndege Texas naye anakaa Oregon, na hana ujuzi au hana moyo wa kuirusha mwenyewe, alimpigia Arlene simu. Arlene alikwenda na begi lake moja, akairusha, akaikabidhi, akarudi kwa basi. Kwake kulikuwa ni chumba cha kupanga kule Grand Island, chenye kitanda, redio, na dirisha linalotazama maghala ya nafaka. Hakuwa na mume wala mtoto. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, wa miaka hamsini na kitu, na popote alipokwenda alibeba mto mnene wa kukalia, maana bila mto huo kwenye ndege nyingi alikuwa haoni mbele.

Nilimfahamu alipokuja hapa Harlow kuchukua ndege ya Mzee Eldon Haskell. Mimi ni fundi wa ndege, naitwa Merle. Uwanja wetu ni kipande cha lami katikati ya mashamba, na ilikuwa Oktoba, mashine za kuvuna mahindi zinatimua vumbi pande zote mpaka ukitema mate yanatoka kahawia.

Ndege yenyewe ilikuwa aina ya Beech ya mwaka 1951, injini mbili, mkia wenye mapezi mawili. Mzee Eldon aliirusha tangu ujana wake. Alibeba barua, alibeba vipuri vya matrekta, lakini zaidi alibeba vifaranga. Alfajiri alipakia maboksi ya vifaranga waliototolewa usiku, na kabla ya chakula cha mchana vifaranga hao walikuwa Wyoming au Montana wanakunywa maji kwa mfugaji. Miaka mingi baadaye, jua likilichoma banda ilimowekwa, ndani ya ile ndege bado kulinuka vifaranga.

Kisha akili za mzee zikaanza kumtoka. Siku moja alitua mji wa jirani, akazima injini, akamwuliza mtu wa pampu pale ni wapi. Aliporudi hakungoja kuambiwa. Alimpa binti yake Connie funguo za banda, akasema, "Nisipewe tena, hata nikizililia." Baadaye akasahau kwamba alisema hivyo, akazililia kweli. Connie hakuzitoa. Ndege ikakaa, mzee akahamia nyumba ya wazee pale mjini, na mwishowe Connie akaiuza kwa bwana mmoja wa Saskatchewan, kule Kanada, aliyetaka kuirusha kwenye maonyesho.

Siku ya kwanza Arlene aliizunguka ile ndege polepole bila kuigusa, mikono mfukoni, kama mtu anayemwangalia farasi asiyemjua.

"Umewahi kurusha ya namna hii?" nikamwuliza.

"Sijawahi hata kuikalia."

"Na wakakupa kazi?"

"Nilimwambia mnunuzi hivyohivyo. Akasema wote aliowauliza kabla yangu walidai wanaijua. Akaona bora anayekubali kwamba hajui, labda huyo atajifunza."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akauliza, "Nani anaijua?"

"Mwenyewe. Ila siku hizi hajui hata mwenyewe ni nani."

Tulifanya kazi pamoja. Nilibadilisha mipira iliyokauka, nikasafisha matangi, nikafungua plagi zote. Injini za namna ile silinda zake zimepangwa duara, na injini ikikaa bila kuwashwa, oili hushuka ikajaa kwenye silinda za chini. Ukiwasha hivyohivyo unaivunja. Kwa hiyo kila asubuhi Arlene alishika pangaboi kwa mikono miwili akalizungusha, panga kwa panga, mpaka jasho likamtoka kwenye baridi. Mchana alikaa chumba cha rubani juu ya mto wake, akagusa kila swichi na kila mkono wa chuma, akizitaja kwa sauti. Nilimsikia nikiwa chini ya bawa. Lakini kitabu cha ndege hakikutaja yale mambo madogo ambayo ndege moja huwa nayo na nyingine haina. Kwa hayo tulimhitaji Mzee Eldon.

Connie alitupokea mlangoni pale nyumba ya wazee. Anafanya kazi ofisi ya ghala la nafaka, na alikuwa amekuja na vumbi lake kwenye nywele. Alimtazama Arlene juu mpaka chini.

"Nitakuruhusu uende naye bandani," akasema. "Lakini akikuuliza ndege inakwenda wapi, mwambie inakwenda kupakwa rangi."

"Mimi simdanganyi mtu mzima," Arlene akasema.

"Si mtu wako huyu. Ni baba yangu."

"Ndiyo maana nakwambia mapema."

Connie akafyonza, akatukabidhi koti la baba yake. Alikuwa amechoka, nadhani, hata kugombana kulikuwa kumemshinda.

Tulimpakia mzee kwenye pikapu yangu. Njiani aliniuliza mara tatu mimi ni mtoto wa nani, akataka kujua kama baba yangu bado anafuga nguruwe. Baba yangu alikwisha kufa zamani. Lakini tulipofungua mlango wa banda, akanyamaza. Akaenda moja kwa moja, akapanda kwenye bawa bila kusaidiwa, akainama akapita ndani mpaka kiti cha kushoto. Arlene akakaa cha kulia na mto wake.

"We mtoto, hiyo miguu inafika chini?" mzee akamwuliza.

"Inafika, mzee."

"Inafika wapi! Inaning'inia kama ya kuku kwenye kapu."

"Kuku huyu amevuka bahari na ndege mara kumi na moja."

"Basi bahari haina akili." Akacheka mpaka akakohoa, na mkono wake, bila yeye kuutazama, ukaenda juu ya paneli ukaanza kazi.

Nilisimama nyuma yao nimeinama. Sijaona kitu kama kile. Mtu asiyekumbuka kama amekunywa chai, mikono yake ilikumbuka yote. Mafuta, pampu, moto kidogo, subiri, moto tena. "Ya kushoto usiipe mafuta mengi, ni mlevi, itajaa na kukugomea. Ya kulia ipe, hiyo haishibi." Arlene alirudia kila neno. Kisha mzee akasukuma chini mkono wa kufunga gurudumu la mkia lisiyumbe.

"Sasa limefungwa?" akauliza.

"Limefungwa," Arlene akasema. "Mkono uko chini."

"Hapana! Mkono ni mwongo. Unakaa chini na gurudumu bado liko wazi. Ukiondoka hivyo, mkia utakutangulia shambani." Akakanyaga pedali, kushoto, kulia, kushoto. "Sogea mbele kidogo, unacheza hivi, unangoja lije. Litagonga. Hulisikii kwa masikio, unalisikia kwa makalio."

"Kwa makalio."

"Eeh. Kwa hiyo huo mto wako utoe ukiwa unafunga."

Hilo jambo la gurudumu mimi nisingelijua, maana ndege ikiwa imesimama kila kitu kilionekana sawa. Naamini lilimwokoa.

Mzee alipomaliza, aliweka mikono yake miwili kwenye usukani, akatulia. Nikaona uso wake unabadilika. Akamgeukia Arlene, sauti yake ya chini kabisa, ya mtu mwenye akili zake.

"Unaichukua, sivyo?"

Arlene hakukwepa. "Ndiyo, mzee. Imeuzwa. Naipeleka Kanada."

"Hairudi."

"Hairudi."

Akalia. Alilia bila kujificha, mabega yanatikisika, mikono bado kwenye usukani. Arlene akamwekea mkono mgongoni, akakaa naye hivyo mpaka akanyamaza. Tulipomrudisha, Connie aliona macho ya baba yake akajua.

Mimi nilidhani limekwisha. Lakini kesho yake tulimfuata tena chumbani kwake, kwa sababu Arlene alitaka kumwuliza namna ya kutua upepo ukitoka ubavuni. Mzee alieleza vizuri, akamtania tena miguu yake kana kwamba ndiyo mara ya kwanza. Kisha akauliza, "Nani anaitaka ndege yangu?"

Jana ilikuwa imefutika yote. Arlene akanitazama. Akamwambia ukweli tena. Na mzee akalia tena, vilevile, kilio cha mtu aliyepata habari ya msiba sasa hivi.

Safari hii Connie alitungoja nje kwenye upepo.

"Unafurahi?" akamwuliza Arlene. "Wewe unaondoka. Ukweli wako unaniachia mimi. Leo atakataa kula, hatajua kwa nini amekataa, na mimi ndiye nitakayekaa pale na kijiko."

Arlene alipanda kwenye pikapu. Tulipofika uwanjani hakushuka. Nikazima gari nikangoja.

"Mama yangu alikuwa hivi," akasema. "Minot, huko North Dakota. Dada yangu Bernadine ndiye aliyemtunza. Mimi nilikuwa napeleka ndege. Mama alikuwa akiniulizia kila siku, na Bernie alikuwa akimwambia, Arlene anakuja kesho. Basi mama anavaa koti, anashika mkoba, anakaa dirishani kuningoja. Kesho tena. Na kesho tena. Nilikuja kufika, tayari yuko kwenye jeneza. Nesi ndiye aliyeniambia habari za koti na mkoba."

"Pole," nikasema.

"Usinipe pole, sijamaliza. Pale makaburini, mbele ya watu, nilimwambia Bernie kwamba alimfunga mama dirishani kama mbwa. Kwa sababu ya uongo wake. Hatujaongea tangu siku hiyo." Akafuta pua kwa mkono wa koti. "Nimekuwa nikisema mimi siwezi kumfanyia mtu vile. Merle, nimemliza yule mzee mara mbili. Kesho akiuliza nitamliza mara ya tatu?"

Nilimpa kahawa iliyobaki kwenye chupa, akainywa ikiwa baridi.

Baadaye alikuja mwalimu wa ndege za aina ile kutoka Kansas, akazunguka naye uwanja, wakapaa na kutua, wakapaa na kutua, mpaka mwalimu akaridhika. Mara ya kwanza mkia ulitaka kuwatoka, nikaona majani makavu ya mahindi yanaruka. Mara zilizofuata ulikaa sawa. Kibali cha safari moja kikapatikana. Ikabaki kuagana na mzee.

Tulimkuta amekaa na blanketi magotini, anakula maandazi yenye jamu ya plamu. Alimtazama Arlene kwa furaha kubwa, bila kumjua.

"Wewe ndiye wa ndege," akasema. "Wananiambia inaondoka. Inakwenda wapi ndege yangu?"

Connie alikuwa amesimama kando ya kabati. Nilimwona anafumba macho.

"Inakwenda kupakwa rangi, mzee," Arlene akasema.

"Ahaa! Imechakaa, siyo?"

"Imechakaa kidogo."

"Rangi gani?"

"Wewe unataka gani?"

Mzee akafikiri sana, andazi mkononi. "Nyeupe. Na mstari wa bluu ubavuni, kama mwanzo. Mke wangu anapenda bluu. Opal. Umeshamwona Opal?"

"Bado."

"Waambie wasipake kwenye vioo. Hawa wapaka rangi ni watu wazembe sana."

"Nitasimama palepale, mzee. Hawatapaka kwenye vioo."

"Mtoto mzuri," akasema, akampapasa mkono, akamwachia sukari ya andazi kwenye vidole.

Nje, Arlene alifika nyuma ya gari langu akatapika. Connie alimfuata, akamshikia nywele zisiingie mdomoni. Arlene alipomaliza, Connie alimpa leso, akarudi ndani kwa baba yake.

Kabla ya kuondoka Arlene alipiga simu Minot kwa simu ya ofisini kwangu. Mume wa Bernadine ndiye aliyepokea. Nilisikia upande mmoja tu: "Mwambie nitatua hapo kujaza mafuta... Hapana, simlazimishi... Mwambie tu." Akaweka simu chini, akakaa akiitazama.

Asubuhi ya safari Connie alimleta mzee uwanjani. Alisema hawezi kumficha chumbani wakati ndege yake inaruka juu ya paa. Tulimfunga blanketi, akasimama kati yangu na binti yake. Arlene alizungusha mapangaboi kwa mkono, akapanda. Injini ya kushoto ikawaka kwanza, moshi wa bluu, kisha ya kulia. Akaisogeza mpaka mwanzo wa lami. Nikaona ule mkia unacheza kushoto, kulia, kushoto, kisha ukatulia. Akaondoka. Mkia ukanyanyuka, magurudumu yakaachana na ardhi, ndege ikapita juu ya mashine za kuvuna ikielekea kaskazini.

Mzee alipunga mkono muda wote. Kisha akaniuliza, "Nani yule anarusha?"

"Anaitwa Arlene."

"Anajua?"

"Anajua, mzee. Wewe ndiye uliyemfundisha."

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Mimi? Acha utani, kijana. Mimi sijawahi kurusha ndege maishani mwangu."

Connie aligeuka upande, akawa anatazama mahindi mpaka sauti ya injini ikaisha.

Yaliyotokea Minot Arlene alinisimulia mwenyewe. Alitua, akajaza mafuta, akangoja karibu na uzio. Aliposema moyoni kwamba dada yake hatakuja, akaona gari. Bernadine alishuka akiwa bado na aproni ya jikoni ya shule anakopika.

"Umezeeka," Bernadine akasema.

"Na wewe umenenepa."

"Ndiyo maisha ya kukaa mahali pamoja."

Wakasimama. Arlene akamwambia, "Bernie, nimemdanganya mzee wa watu kama ulivyokuwa ukimdanganya mama. Sikujua ulikuwa unabeba nini."

"Hukujua kwa sababu hukuwepo."

"Ndiyo."

"Kila siku, Arlene. Nilikuwa namvalisha lile koti kila siku, vifungo namfunga mimi, huku najua. Halafu wewe unakuja kuniambia nini mbele ya padre?"

"Najua."

"Hujui. Acha kusema unajua." Bernadine alikuwa analia, na alipokasirika alilia zaidi. Baadaye akafuta uso kwa aproni, akaitazama ndege. "Hilo dude litakufikisha?"

"Litanifikisha."

"Ukifika upige simu. Sijakusamehe, usijidanganye. Ila sitaki kukaa roho juu."

Arlene alifika, akapiga. Waliongea kidogo tu, habari ya hali ya hewa. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi kusikia sauti ya dada yake kwenye simu, na aliniambia kwamba baada ya kuikata alikaa kwenye banda la mnunuzi wa ndege akalia mpaka yule bwana akamletea kiti.

Mzee Eldon hakuiulizia ndege tena. Si siku hiyo, si majira yote ya baridi. Connie aliniambia, "Nilidhani akiacha kuuliza nitapumzika. Sasa namwuliza mimi, Baba unaikumbuka ndege yako? Ananiambia kwa adabu kwamba nimemchanganya na mtu mwingine." Arlene alipita kumwona mara mbili au tatu kazi zilipokuwa chache. Alimpelekea maandazi. Alikaa naye, mzee akamwita kwa majina ya wanawake tusiowajua, naye akaitika kila jina.

Mzee alifariki kabla ya Pasaka, akiwa usingizini. Tulimzika siku ya upepo mkali, karibu na Opal. Arlene alikuja kwa basi, akasimama nyuma kabisa kama mtu asiye na haki ya kuwa mbele.

Baada ya mazishi watu walishuka ukumbi ulio chini ya kanisa kula mikate ya nyama na viazi. Walipoondoka, Connie na Arlene walibaki jikoni, mmoja anaosha vyombo, mwingine anafuta. Mimi nilikuwa nakunja viti.

"Nilifanya vibaya kuiuza?" Connie akauliza, mikono yake iko majini.

Arlene alifuta sahani aliyoishika mpaka ikakauka kabisa.

"Sijui, Connie," akasema. "Kweli sijui."

Connie akaitikia kwa kichwa, akampa sahani nyingine.